Tulivyomuua Kirimi Katika Ngano ya Timau

Kabla hujamuua mtu kwenye filamu, muulize kwanza wakwe zake wanaishi wapi, na kama huko kuna video. Hilo ndilo la kwanza ninalowaambia nyinyi vijana mnaokuja hapa kwangu Githongo na simu zenu, mnaniita bibi yenu, mnaniambia, "Shosho, hebu angalia hii horror yetu," kisha mnanikodolea macho kuona kama nitaruka kutoka kwenye kiti. Siruki. Nilisharuka vya kunitosha, na aliyenirusha hakuwa pepo, alikuwa mama mmoja wa Kiritiri aliyebeba unga na sukari.

Jina langu ni Gatwiri, ingawa kutoka hapa mpaka Embu walioniita hivyo ni wachache. Wengi waliniita Mama Kamera. Nilipiga video za harusi, mazishi na harambee za makanisa tangu enzi za kamera ya kubebwa begani, nzito kama ndama aliyegoma kutembea, mpaka siku mimi na goti langu la kulia tulipokubaliana kustaafu. Mnaponiona nimekaa hapa namenya viazi, msidhani sikuwahi kuogopesha watu. Niliwaogopesha sana, tena wengine bila kukusudia.

Kazi nilifundishwa na Mzee Kinyua, aliyekuwa na studio ndogo mjini Meru. Maneno yake yalikuwa machache na yote yalikuwa amri. "Kamera inashikwa na magoti, sio mikono," aliniambia siku ya kwanza, na kweli, ukikunja magoti kidogo na kutembea kama mtu anayebeba mtungi, picha inatulia. Amri ya pili ilikuwa kwamba mwenye kamera halii na hacheki. "Ukicheka, mwili unatingishika, picha inatingishika, na hapo umeharibu mazishi ya watu." Ya tatu ilikuwa mlima. Kila kanda ianze na mlima wa asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika, kwa sababu mtu wetu akiwa mbali akiuona anajua amefika nyumbani.

Basi nilifanya hivyo kila mahali nilipokwenda. Ninaulenga mlima, ninasema polepole, "Huu ni mlima wetu. Tunamshukuru Mungu kwa siku hii," kisha ninataja mahali tulipo na mtu tuliyekuja kumwoza au kumzika. Mwishoni ninaweka wimbo wa kinanda. Sauti yangu ni nzito, na watu walinitania kwamba hata bibi arusi akiisikia anaanza kutafuta leso. Sikujali. Mzee Kinyua alisema hiyo ndiyo sahihi yangu.

Sasa, aliyetuingiza kwenye mambo ya kutisha ni Njeru, mwenye ukumbi wa video pale Embu mjini. Nilikuwa ninakodi kwake mashine za kunakilia kanda. Siku moja akaniambia wateja wamechoka na karate. "Wanataka kitu ya kuogopesha, lakini ya hapa hapa. Si unajua zile filamu wanasema kanda iliokotwa tu?" Sikuzijua. Akaniwekea moja. Hadithi ni kwamba watu walienda mahali na kamera, wakapotea, na baadaye mtu akaiokota kanda yao, ndiyo hiyo unayoitazama. Picha inacheza, sauti ni ya upepo, mtu anakimbia huku unaona viatu na majani tu. Niliangalia mpaka mwisho, nikamwambia, "Njeru, hizi mimi nimekuwa nikizipiga miaka yote." Siku fahali alipokata kamba kwenye harusi ya Nkubu, nilimletea bwana arusi kanda ya namna hiyo hiyo, akakataa kuichukua.

Uzuri wa filamu hizi, wajukuu wangu, ni kwamba umaskini wako unageuka ufundi. Huna taa? Sawa, ni giza la kutisha. Huna mnyama? Vizuri zaidi, kwa sababu mnyama asiyeonekana hali, halipwi, na wala hachelewi kufika. Lakini kuna swali moja ambalo kila mtazamaji atakuuliza, na usipolijibu ataondoka akikucheka. Huyu mtu anayekimbizwa, mbona hatupi kamera akajiokoa?

Jibu alilipata Kirimi. Kirimi alikuwa kijana wa hapa Githongo aliyenibebea betri kwenye kazi, na pia alikuwa mshereheshaji wa harusi, mwenye mdomo usiochoka. Alisema, "Mama, hiyo ni rahisi. Nitasema kamera si yangu." Tukaiandika hivyo. Kijana anatumwa Timau kupiga video ya harusi, anakatiza kwenye shamba la ngano, kitu kinamfuata ndani ya ngano, anakimbia huku akisema, "Siwezi kuiacha, si yangu hii, nitamwambia nini mwenyewe?" Nawahakikishia, kule Embu hakuna hata mmoja aliyeuliza zaidi. Kwetu hapa shetani anaweza kusamehewa, aliyepoteza kitu cha kuazima hasamehewi.

Mambo ya usiku tuliyafanya saa nne asubuhi. Waigizaji wangu walikuwa watu wenye ng'ombe, na ng'ombe hajui filamu; jioni anataka kukamuliwa. Tuliziba madirisha ya ghala la kahawa kwa mablanketi, tukafunga nailoni ya buluu kwenye balbu, tukapata usiku mzuri kuliko wa Mungu. Shida yake ni sauti. Katikati ya kilio cha kuogofya jogoo anawika, au unasikia mama anauliza nani ameondoka na blanketi lake. Damu tulikamua kutoka kwenye matunda damu. Inang'aa vizuri, ila ina mbegu, kwa hiyo ichujeni, la sivyo maiti wenu ataonekana amekufa kwa saladi.

Sauti ya mnyama ilikuwa ya Nkatha, mwimbaji wa kwaya yetu, mwenye kifua cha ajabu. Mwanzoni alikataa katakata. "Mimi siwezi kuwa shetani Jumamosi na Jumapili niko mbele ya kanisa," alisema. Tukajadiliana mpaka chai ikapoa, akakubali kuwa mnyama tu, mnyama asiye na dini. Haya, tukaenda Timau. Msimamizi wa shamba alituruhusu kutumia kona moja ambayo mvua ilikuwa imeilaza ngano, mradi tusikanyage kwingine. Tulijaza gunia magunzi, tukalifunga kamba, wanaume wawili wakalivuta kutoka mtaroni, na ngano ikawa inagawanyika kana kwamba kuna kitu kinatambaa ndani yake. Msimamizi mwenyewe aliyejua ni magunzi alirudi nyuma hatua kadhaa.

Kirimi alisema hawezi kuingia kwenye ngano bila kuomba, kwa sababu mtu wa kwetu haanzi safari bila maombi, na watazamaji watajua ni uongo. Nikamruhusu maneno mafupi. Aliombea safari, akaombea wenye harusi, akaombea mvua, akawaombea wagonjwa wote walioko hospitalini. Alipomaliza, kutoka ndani ya ngano, kwa sauti ya kutetemesha ardhi, mnyama akaitikia, "Amina." Nkatha aliapa kwamba ilimtoka tu. Wavuta kamba walilala mtaroni wakicheka, Kirimi akapiga magoti, na mimi nikasimama na kamera yangu imetulia kama jiwe, kwa sababu mwenye kamera hacheki. Nilicheka baadaye, nikiwa peke yangu, mpaka mbavu zikauma.

Kifo chenyewe kilitoka safi. Kamera inaanguka, inalala ubavu kwenye ngano, na unachokiona ni viatu vya Kirimi vikiburutwa mpaka vinapotea. Msiangushe kamera kweli, jamani. Ishushe haraka mpaka mapajani, kata, kisha ilaze chini taratibu na uendelee. Baridi ya Timau ilimfanya Kirimi agonganishe meno bila kuambiwa, na wakati wa kuburutwa kiatu kimoja kilimtoka kikabaki kwenye ngano. Tulikitafuta, hatukukipata. Alihuzunika, maana vilikuwa viatu vyake vipya vya kahawia, alivyonunua kwa ajili ya kwenda kujitambulisha kwa wakwe.

Hapo ndipo ilipotakiwa nishtuke, nami sikushtuka. Kirimi alikuwa anamchumbia Igoki, mwalimu wa watoto wadogo huko Kiritiri. Alikuwa ameshajitambulisha kwao, na siku ya wazee kwenda kuzungumza mahari ilikuwa karibu. Kumpata Igoki hakukuwa rahisi. Baba yake, Mzee Nyaga, mfugaji wa mbuzi, alikuwa amesema wazi kwamba hataki mkwe wa maneno mengi. Kirimi alikaa kwenye kiti siku hiyo ya utambulisho bila kusema chochote isipokuwa "ndiyo" na "asante", na alipotoka alikuwa mgonjwa.

Nilikaa Embu kwa Njeru, nikaunganisha picha kwa mashine mbili, moja inacheza na nyingine inarekodi. Mzoea kunyonga kuchinja hawezi. Mikono yangu, bila kuniuliza, ikaweka mlima mwanzoni. Sauti yangu ikasema, "Huu ni mlima wetu. Tunamshukuru Mungu kwa siku hii. Tuko hapa Timau, na huyu ni Kirimi." Mwishoni, viatu vilipopotea, nikaweka kile kinanda changu. Niliona imependeza sana. Njeru akaionyesha, watu wakapiga mayowe, wakarudi kuitazama tena wakiwa na ndugu zao. Kisha nakala ikaenda Kiritiri, ikawekwa kwenye hoteli moja siku ya soko, mbele ya wauza mbuzi na wauza makaa.

Kitu nilichosahau ni kwamba mwaka uliotangulia nilikuwa nimepiga mazishi ya bibi yake Igoki, pale pale kwa Mzee Nyaga. Kanda ile waliitazama kila wageni walipofika. Mlima ule, sauti ile, kinanda kile. Kwa hiyo mjomba wake Igoki, akiwa na kikombe cha chai mkononi pale hotelini, hakuona filamu. Aliona mlima, akasikia yule mama anayezika watu anataja jina la mkwe wao mtarajiwa, akaona viatu vya kahawia alivyovikagua mwenyewe siku ya utambulisho vikiburutwa, kisha kinanda. Hakumaliza chai.

Sisi hatukujua lolote. Nilikuwa kwa mama yake Kirimi, mchana, tunakunywa uji na kujisifu. Kirimi yuko uani, kifua wazi, anasugua kile kiatu kimoja kilichobaki, huku akisema atatafuta fundi amshonee mwenzake. Mbwa akabweka. Kuangalia langoni, ni Mzee Nyaga na kofia yake mkononi, na mjomba, na nyuma yao mama yake Igoki amebeba kikapu cha unga na sukari, macho yamevimba. Wamesafiri kutoka Kiritiri kuja kutoa pole.

Sasa fikirini. Kijana wa kwetu akikutwa na mama mkwe akiwa kifua wazi afanye nini? Kirimi hakuwaza kwamba amekufa. Aliwaza kwamba hana shati. Aliruka akaingia kwenye shamba la kahawa mbio, kiatu mkononi, na mama yake Igoki akamwona marehemu akipita mbele yake na kutoweka kwenye majani. Kikapu kikaanguka. Mimi nikatoka nje kuona kuna nini, na kwa sauti yangu hii hii nikasema, "Karibuni, tunamshukuru Mungu." Yule mama aliposikia sauti, alipiga ukemi uliofika barabarani. Ndipo niliporuka.

Tulimtoa Kirimi kwenye kahawa, tukamvisha shati, tukaeleza. Mjomba alielewa kwanza, akaanza kucheka kimyakimya akitazama ukuta. Mama yake Igoki alimshika Kirimi mashavu, akamfinya, akalia upya. Mzee Nyaga hakucheka wala hakulia.

"Kijana," alisema, "mimi nimekuona ukikufa. Mke wangu amekulilia. Mchungaji amekuombea mbele ya kanisa. Watu wangu wote wanajua wewe haiko. Sasa unataka nirudi niseme nini? Eti mkwe wangu ameamka?"

"Mzee, ilikuwa ni mchezo tu," Kirimi alisema.

"Na msichana wangu alilia mbele ya watoto wa shule. Hiyo pia ni mchezo?" Akavaa kofia yake. "Mambo ya mahari iwache kwanza. Mimi siwezi kupokea mtu amekufa kwa lango yangu. Ulikufa kwa kanda, watu wakaona na macho yao. Kama ni kuamka, amka kwa kanda, hapo hapo Kiritiri, siku ya soko. Na Igoki akikubali, akubali mbele yao."

Walipoondoka, Kirimi alikaa kwenye jiwe la kufulia, akanyamaza. Sikuwahi kumwona amenyamaza nje ya Kiritiri. Nilimwonea huruma mpaka uji ukanishinda.

Alimtumia Igoki ujumbe kwa mtu, hakujibiwa. Mwishowe Igoki akaja mwenyewe Githongo, msichana mwembamba, mkimya, amefunga kitambaa vizuri. Hakumsalimia Kirimi. Alinigeukia mimi. "Mmenifanya widow na hata sijaolewa," alisema. "Hiyo kanda ya pili nitashika kamera mimi. Na sitaki kuambiwa cha kusema."

Nilimfundisha magoti. Niliandika hadithi fupi tu: kanda ya pili imeokotwa, msichana ameenda Timau kumtafuta mchumba wake, anamkuta mzima, basi. Tukafika shambani na kukuta ngano yote imevunwa. Pale palipokuwa na giza na siri palikuwa na mashina makavu mpaka macho yanakoishia, jua linawaka, mlima uko wazi. Nkatha akauliza mnyama atajificha wapi. Msimamizi wa shamba akasema, "Huyo ameshaenda na mashine ya kuvuna." Kisha akatoa mfukoni kiatu cha kahawia. Alikuwa amekiokota kabla mashine haijapita, akakihifadhi, na sasa alitaka malipo ya kuonekana kwenye filamu. Alionekana. Ndiye aliyemkabidhi Igoki kiatu, akiitazama kamera kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Igoki akatembea kwenye mashina, kiatu mkono mmoja, kamera mkono mwingine. Kirimi alikuwa ameketi juu ya marobota ya majani makavu, mguu mmoja hauna kiatu. Nilikuwa nimemwandikia Igoki aseme, "Kirimi, kumbe uko hai." Hakusema hivyo. Alisimama mbele yake, na kwenye kanda unasikia pumzi yake kwanza.

"Kwa nini hukutupa kamera?" alimuuliza.

Kirimi akajibu kama tulivyozoea. "Haikuwa yangu."

"Na mimi, nilikuwa wa nani?"

Picha ilianza kutetemeka. Mimi niliyefundisha watu wengi kutetemesha kamera kwa makusudi, sikuwahi kuona mtetemo kama ule. Kirimi alifungua mdomo, yule Kirimi wa harusi zote, hakikutoka kitu. Alishuka kwenye marobota, akaweka mguu wake mtupu juu ya yale mashina makali, akasema kwa sauti ndogo, "Siku nyingine nitaitupa." Na Igoki, bila kuambiwa na mtu, akaachia kamera ianguke.

Ilianguka kweli. Kioo kilipasuka, ni chombo changu, na nilipiga kelele ambayo mpaka leo imo kwenye kanda. Kinachoonekana baada ya hapo, kwa ubavu, kupitia ufa, ni jozi mbili za miguu zimesogeleana, na mkono wa msichana unavisha kiatu.

Tuliionyesha Kiritiri siku ya soko, hoteli imejaa mpaka dirishani. Niliweka mlima, maana sahihi ni sahihi, ingawa niliposema "Tunamshukuru Mungu" wapo walioanza kutoka. Igoki alipouliza, "Na mimi, nilikuwa wa nani?" wauza mbuzi waliweka vikombe chini. Kamera ilipoanguka wanawake walipiga vigelegele. Mzee Nyaga alitaka irudishwe nyuma, akaitazama tena, kisha akamwambia mjomba wa Igoki, "Huyu sasa amejifunza kunyamaza. Mwambie alete wazee." Na mkijiuliza kuhusu kioo, kamera ile sikuirekebisha. Nilipata nyingine, na ile iko pale kabatini, msiiguse.

Siku ya harusi yao nilikuwa Kiritiri alfajiri, maana kutoka kule mlima unauona mdogo tu na kwa muda mfupi. Nikakunja magoti, nikaulenga, nikavuta pumzi niseme yale maneno yangu. Mkono ukanifunika mdomo. Ulikuwa wa mama yake Igoki, unanukia vitunguu vya pilau.

"Dada, leo nyamaza," aliniambia. "Huyu tunamtaka."

Kanda hiyo wanayo hata leo, na watoto wao wameitazama. Inaanza na mlima bila neno lolote, halafu mlima wenyewe unaanza kuruka juu na chini, juu na chini, kwa sababu nilikuwa nacheka na sikuweza kujizuia.